i7 Peke Yake Haichezi Gemu: Kununua Kompyuta ya Magemu kwa Pesa Ndogo

Swali linalorudi kutoka kwa wasomaji, kwa maneno tofauti lakini nia ileile, ni hili: nina pesa kidogo, nataka kompyuta ya kuchezea magemu, je, nichukue yenye i5 au nijikaze nipate i7? Muulizaji huwa ameshazunguka maduka ya Kariakoo au ya Luthuli, ameona kompyuta za ofisini za mtumba zimepangwa mpaka karibu na dari, na kila muuzaji amemhakikishia kwamba i7 ndiyo mashine. Swali hilo limeanzia mahali pabaya. Katika kompyuta ya bei ndogo prosesa inatakiwa iwe ya kutosha tu. Uzuri wa picha na wepesi wake huamuliwa zaidi na kadi ya grafiki, na kadi unayoweza kuweka huamuliwa na vitu viwili ambavyo muuzaji hatavitaja usipomuuliza: ukubwa wa kasha na nguvu ya pawa saplai. Kwa hiyo ushauri wote ulio hapa chini unakwenda kinyume na mazoea ya dukani. Tukishaisoma stika ya i7 na kuorodhesha magemu, tunaanza na kasha, tunaingia ndani, na uchaguzi wa prosesa unapata zamu yake baadaye.

Stika ya i7 inakwambia nini hasa

Haikwambii mengi. Chukua i7-3770 iliyotoka 2012 na i3-12100 iliyotoka 2022. Zote mbili zina viini vinne na nyuzi nane, yaani zinagawa kazi kwa idadi ileile. Tofauti ni kwamba kila kiini cha hiyo i3 hufanya kazi zaidi ya mara moja na nusu ya kiini cha i7 ile, na magemu mengi hutegemea sana kasi ya kiini kimoja kimoja. Kwenye laptopu mambo ni mabaya zaidi: i7-7500U, iliyouzwa sana tangu 2016, ina viini viwili tu. Mwenye laptopu hiyo ana stika ya i7 na viini nusu ya vile vilivyomo kwenye i5 ya mezani ya miaka mitano kabla yake.

Namba inayofuata baada ya kistari ndiyo ya kusoma. Kwenye i5-8500, 8 ni kizazi. Kwenye i5-12400, kizazi ni 12. Herufi ya mwisho nayo ina maana yake: F ni prosesa isiyo na grafiki ya ndani, hivyo bila kadi haitaonyesha kitu kwenye skrini, T ni ya kutumia umeme kidogo na kasi yake imepunguzwa, nayo hupatikana kwenye vile vikompyuta vidogo vya kubandika nyuma ya skrini, U ni ya laptopu. Kwa AMD Ryzen za mezani, G mwishoni humaanisha kuna grafiki ya ndani yenye nguvu kiasi.

Msomaji atapinga: mbona kizazi cha 3 kinacheza GTA V bila shida? Kweli, kinacheza. Lakini GTA V ilifika kwenye kompyuta 2015, na kiwango cha chini kilichotajwa na watengenezaji kilikuwa Core 2 Quad, prosesa ya zamani hata kwa wakati ule. EA Sports FC 24 yenyewe inataka angalau i5-6600K, kadi ya GTX 1050 Ti na nafasi ya gigabaiti 100 kwenye diski. Zaidi ya hapo kuna suala la Windows. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inakubali rasmi Intel za kizazi cha 8 na kuendelea au, kwa sehemu kubwa, Ryzen za mfululizo wa 2000 na kuendelea. Kuna njia za kuilazimisha iingie kwenye mashine ya zamani, na mafundi wanazijua, lakini gemu kama Valorant ikiwa kwenye Windows 11 hukataa kufunguka kama vipengele vya usalama vya TPM 2.0 na Secure Boot havijawashwa. Kwa mtu anayenunua leo, kizazi cha 8 ndio mstari wangu wa chini. Chini ya hapo nunua kwa macho makavu tu, ukijua ni magemu gani ya zamani unayoyataka.

Andika magemu matatu, kisha tazama skrini

Hatua hii ni fupi lakini wengi huiruka. Andika magemu matatu utakayoyacheza kweli, siyo yale unayoyatazama YouTube. Soma mahitaji ya kila moja, na usome safu ya "yanayopendekezwa", kwa sababu safu ya "ya chini" huahidi kwamba gemu itawaka tu. Halafu tazama skrini uliyonayo. Kama ni ya 1366 kwa 768, kadi ndogo itatosha kabisa. Kama ni ya 1920 kwa 1080, kuna nukta karibu mara mbili za kuchorwa katika kila fremu. Skrini ya hezi 60 haionyeshi zaidi ya fremu 60 kwa sekunde hata ukiipa mashine ya bei gani, basi kununua nguvu ya fremu 144 kwa skrini hiyo ni kulipia kitu ambacho macho yako hayatakiona.

Kasha na pawa saplai

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Kompyuta za ofisini kama Dell OptiPlex na HP EliteDesk huja kwa maumbo tofauti, na bei ya mtumba huwa inakaribiana. Kuna lile kasha jembamba linalolazwa mezani, kuna mnara wa kusimama, na kuna kile kidogo kama kitabu kinene. Kile kidogo kiache kabisa, kwa kuwa hakina nafasi ya kadi. Lile jembamba linapokea kadi fupi za nusu urefu pekee, ambazo ni chache na mara nyingi ni ghali kuliko za kawaida zenye nguvu ileile. Mnara unapokea kadi ya urefu wa kawaida. Ukikuta mashine mbili zenye prosesa ya kizazi kimoja, moja jembamba yenye i7 na nyingine mnara wenye i5, chukua mnara. Prosesa unaweza kuja kuibadilisha. Bati la kasha hulinyooshi.

Kisha pawa saplai. Nafasi ya kuchomekea kadi kwenye ubao mama hutoa hadi wati 75. Kadi inayotaka zaidi ya hapo lazima ipate waya wake kutoka pawa saplai, wenye pini 6 au 8, na nyingi za kompyuta hizi za ofisini hazina waya huo. OptiPlex 7010 ya 2012, kwa mfano, ilikuja na pawa saplai ya wati 240 kwenye kasha jembamba na 275 kwenye mnara. (Tahadhari ndogo: Dell walilirudia jina hilohilo la 7010 mwaka 2023 kwa mashine mpya kabisa, kwa hiyo jina la modeli peke yake si ushahidi.) "Nitabadilisha pawa saplai baadaye," utasema. Inawezekana, ila si rahisi unavyodhani: Dell na HP kwenye mashine nyingi za aina hii hawakutumia plagi ya kawaida ya pini 24, na kwenye kasha jembamba hata umbo la pawa saplai ni la kwao wenyewe. Kuna waya za kugeuza plagi, lakini uliza kama zinapatikana kwa modeli yako kabla ya kununua mashine.

Kama unanunua pawa saplai mpya, usisome namba kubwa ya wati iliyoandikwa mbele. Geuza upande wenye jedwali, tafuta mstari wa +12V, usome ampea, halafu zidisha. Boksi limeandikwa wati 500 lakini +12V ina ampea 18: 12 mara 18 ni 216. Hizo wati 216 ndizo zinazofika kwenye prosesa na kadi ya grafiki. Zilizobaki ni wino. Pawa saplai mbovu ndicho kifaa pekee humu kinachoweza kuondoka na vingine vyote, na kwa umeme wetu unaokatika na kurudi kwa kishindo, kubania hapa ili upate prosesa ya juu ni hesabu mbaya. Stabilaiza, au UPS ukiweza, iwe ndani ya bajeti tangu mwanzo.

Kadi ya grafiki: majina yanafanana, kazi haifanani

Kwa mashine isiyo na waya wa ziada, kadi za kutafuta ni hizi:

- GTX 1050 Ti ya 4GB, ya 2016. Imezeeka, lakini bado inabeba magemu mengi ya ushindani na FC kwa mpangilio wa kati.
- GTX 1650 ya 4GB, ya 2019. Ina nguvu zaidi, ila baadhi ya matoleo yake yana tundu la pini 6, kwa hiyo itazame kwa macho.
- RTX 3050 ya 6GB, ya 2024, inayotumia wati 70. Ndiyo kali kuliko zote hapa, na kuna matoleo ya nusu urefu. Usiichanganye na RTX 3050 ya 8GB, ambayo ni kadi nyingine, yenye nguvu zaidi na inayotaka waya.

RX 6400 nayo hutumia umeme kidogo, wati 53, na wauzaji huipendekeza kwa kasha jembamba. Ubaya wake ni kwamba inatumia njia nne tu za PCIe, yaani njia za data kati ya kadi na ubao mama. Kwenye ubao mama wa kizazi kipya hilo halina neno, lakini kwenye mashine ya kizazi cha 8, yenye PCIe 3.0, njia hizo nne zinabeba nusu ya mzigo na kadi inapungua nguvu hasa pale kumbukumbu yake inapojaa. Haina pia sehemu ya kurekodi video, basi kama una mpango wa kurusha michezo yako mtandaoni, itakuangusha.

Ukiwa na pawa saplai ya kweli ya wati 450 na kuendelea, mlango unafunguka kwa RX 6600 ya 8GB, ambayo kwa skrini ya 1080 ndiyo ningeiweka mbele ya zote za mtumba kwenye bei ya chini hadi ya kati. Inatumia wati 132. RX 580 ya 8GB ni ya bei ndogo zaidi lakini inakula wati 185, na sokoni kuna RX 580 yenye maandishi "2048SP" ambayo kwa undani wake ni RX 570. Si kadi mbaya, mradi usilipie bei ya nyingine. Jihadhari vilevile na GT 1030: kuna ya GDDR5, ambayo kumbukumbu yake hupitisha gigabaiti 48 kwa sekunde, na kuna ya DDR4, inayopitisha chini ya 17. Boksi linafanana, jina lilelile, na ya pili haifai kwa gemu yoyote nzito.

Halafu kuna kadi bandia kabisa. Kadi ya zamani kama GTS 450 huandikiwa upya programu yake ya ndani ili ijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Ukiona tundu la buluu la VGA kwenye kadi inayojiita 1050 Ti, ishuku papo hapo, kwa sababu kizazi hicho cha kadi za Nvidia hakitoi tena mawimbi ya VGA. Programu ya bure ya GPU-Z huzitambua nyingi na kuzionyesha wazi kuwa ni bandia. Kuhusu kadi zilizochimba sarafu za kidijitali, ambazo zilimwagika sokoni baada ya Ethereum kuacha uchimbaji Septemba 2022, sina hofu kubwa kama wengine. Sehemu inayochoka kwanza ni feni, na feni hubadilishwa. Ijaribu tu ikiwa na mzigo, siyo ikiwa imetulia kwenye ukurasa wa mwanzo wa Windows.

Sasa prosesa

Ukishajua kasha, pawa saplai na kadi, uchaguzi wa prosesa unabaki mwepesi. Naona njia tatu zenye maana.

Ya kwanza ni mnara wa ofisini wenye i5-8400 au i5-8500: viini sita, inakubali Windows 11, na bei yake ya mtumba inakuachia pesa ya kadi. OptiPlex 7060 na EliteDesk 800 G4 ziko kwenye kizazi hicho. Ya pili ni kujenga mwenyewe kwa i3-12100F, au i5-12400F yenye viini sita kama mfuko unaruhusu, kwenye ubao mama wa H610. Hapa plagi zote ni za kawaida na hakuna kitu cha kampuni moja cha kukufunga. Ya tatu ni ya asiye na pesa ya kadi kwa sasa: Ryzen 5 5600G ya 2021, yenye viini sita na grafiki ya ndani inayoweza kucheza Valorant, Counter-Strike 2 na GTA V kwa mpangilio wa chini hadi wa kati. Baadaye unaongeza kadi. Kama kadi tayari unayo, usinunue 5600G. Ryzen 5 5600 isiyo na G ina kumbukumbu ya ndani ya megabaiti 32 badala ya 16 na huipita kwenye magemu mengi.

Mtego mmoja kwa wanaopenda kubadilisha prosesa: soketi ya LGA1151 ilitumika kwa kizazi cha 6 na 7, kisha ikatumika tena kwa kizazi cha 8 na 9. Pini zinaingia, prosesa inakaa vizuri, na kompyuta haiwaki, kwa kuwa ubao mama wa kizazi cha 6 haukuandaliwa kwa cha 8. Kwa upande wa AMD, soketi ya AM4 inapokea Ryzen 5000 hata kwenye mbao mama nyingi za zamani kama B450, lakini BIOS lazima isasishwe kwanza, na kwa kawaida kwa kutumia prosesa ya zamani inayotambulika na ubao huo. Mwambie muuzaji aisasishe mbele yako.

Na pingamizi la mwisho kuhusu prosesa: "Si bora ninunue ya juu sasa ili idumu?" Ingekuwa hivyo kama bajeti isingekuwa na mwisho. Lakini pesa ya kutoka i5 kwenda i7 ya kizazi kilekile inatoka kwenye kadi, na kutoka 1050 Ti kwenda RX 6600 utaona tofauti kila dakika, wakati kutoka i5-8500 kwenda i7-8700 utaiona mara chache. Miaka miwili ijayo hiyo i7-8700 itakuwa mtumba wa bei ndogo zaidi, na itaingia kwenye ubao mama uleule.

RAM na diski

Nunua vipande viwili vya RAM vya 8GB badala ya kimoja cha 16GB. Viwili hufungua njia mbili za kupitishia data, na kwa 5600G, ambayo grafiki yake huazima RAM ya kompyuta, kuweka kipande kimoja ni kuinyima sehemu kubwa ya nguvu yake. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda sana duniani kwa sababu viwanda vinageukia vituo vya data vya akili mnemba. Hiyo ni sababu nyingine ya kubaki na DDR4 na kukwepa AM5, soketi ya AMD isiyopokea kitu ila DDR5. Mashine ya mtumba inayokuja na 16GB ndani yake ina thamani zaidi kuliko ilivyokuwa zamani. Diski iwe SSD, ya aina yoyote: haitakuongezea fremu, lakini gemu kubwa kwenye diski ya kuzunguka hukuweka ukisubiri.

Pale dukani, kabla pesa haijatoka

- Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye ukurasa wa utendaji. Soma jina kamili la prosesa, idadi ya viini, na ni nafasi ngapi za RAM zimetumika.
- Fungua kasha. Angalia kama kuna waya wa pini 6 au 8, na pima urefu wa nafasi ya kadi.
- Nenda na GPU-Z na CrystalDiskInfo kwenye flashi. Ya kwanza ni ya kadi, ya pili husema afya ya diski.
- Endesha gemu au kipimo kizito kwa dakika kumi na tano. Mashine inayozima au skrini inayotoa mistari, iache.
- Dai siku za kurudisha zilizoandikwa kwenye risiti. Muuzaji anayekataa kuandika amekwisha kukujibu.

"Kwa nini nisinunue PlayStation tu?"

Kama unachotaka ni kucheza FC na marafiki sebuleni na basi, nunua PlayStation ya mtumba. Kwa kazi hiyo inashinda kompyuta ya bei ileile. Kompyuta inastahili pesa yako pale itakapofanya pia kazi za masomo, kuhariri video, au pale magemu yako ni ya kipanya na kibodi.

Ikishafika nyumbani

Kosa la kwanza ni kuchomeka waya wa skrini kwenye ubao mama badala ya kwenye kadi. Gemu inagandaganda na mtu anarudi dukani kugomba. La pili ni kuweka RAM kwenye nafasi zilizofuatana. Ubao mama wenye nafasi nne kwa kawaida hutaka ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa. La tatu ni kuacha RAM ikikimbia kwa kasi ya chini kwa sababu XMP, mpangilio wa kasi ya RAM, haijawashwa kwenye BIOS, japo nyingi za mashine za ofisini hazina kipengele hicho. Kwa mtumba wa Pwani, ambako joto na chumvi havina mzaha, puliza vumbi na ubadilishe mafuta ya joto juu ya prosesa hata kama muuzaji ameapa kwamba imesafishwa.

Na kabla ya kununua kifaa kingine chochote, fanya jaribio hili. Fungua gemu inayokusumbua, washa kihesabu fremu, kisha shusha ukubwa wa picha kutoka 1080 hadi 720 bila kugusa kingine. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo imelemewa. Zikibaki palepale, prosesa au RAM ndiyo inayokuvuta nyuma, na kadi mpya haitakusaidia.